Ng'ombe Aliyekataa Gari la Babu Yako

Keza mjukuu wangu,

Huku Masaka tu wazima, maharage yamekubali, na babu yako bado anabishana na redio. Umeuliza kwa nini mabasi mnayounda huko chuoni yana mifupa ya mabomba ya pembe nne, ilhali bomba la duara ni imara. Jambo hilo nusura linikoseshe ndoa.

Babu yako, fundi wa gereji za Gatsata, aliunda mwenyewe sakafu ya pikapu ya kuleta ng'ombe wa mahari yangu. Akapanga mabomba ya duara, juu yake mbao. Kila mara ng'ombe alipokanyaga, mbao ziliyumba, naye akarudi chini. Kwetu wageni walikwisha kuketi. Baba akatangaza, "Bila ng'ombe, hakuna binti!"

Jioni ng'ombe akaingia kwa miguu, pikapu tupu ikimfuata kama ndama. Bibi harusi hukaa ndani kimya hadi aitwe. Mimi nilipaza sauti dirishani: "Fundi, hata ng'ombe amekushinda akili!"

"Duara ni imara!" akajibu.

"Imara, ndiyo! Nani atatulia juu yake?"

Baba akamwambia, "Mwanangu, mchukue upesi, kabla hajaendelea!"

Siku hizi babu yako huunda kwa pembe nne, kwa kuwa ubao hutulia kwenye upande bapa. Yeye mwenyewe amebaki duara, nami pia. Ndiyo maana nyumba yetu huyumba, lakini haijavunjika.

Nyogokuru, bibi yako