Siku Chemchemi Ilipogeuka Buluu

Shangazi Rasoa,

Mulembe, amani iwe nawe popote pale ulipo. Barua hii nimeinakili zaidi ya mara moja. Nakala moja nimempa mama anayeuza kuku soko la Lubao, maana anasema amewahi kukuona huko. Nyingine itasomwa kanisani. Ulifukuzwa mbele ya watu, na nataka haya niliyoyaona nayo yasemwe mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyofika hapa Chekalini, Uhuru ukiwa bado mbichi? Baba alipewa shamba kwenye lile eneo lililokuwa la mzungu, nawe ukatufuata, mjane usiye na mtoto, ukajenga kando ya chemchemi. Ulifyeka magugu, ukapanga mawe, ukaweka kipande cha mwanzi maji yatiririke vizuri. Nyumba kubwa ya mzungu, kule juu mlimani, ikageuzwa shule. Watoto wakitoka huko jioni walipitia kwako. Uliwachotea maji kwa kibuyu chako na kuwauliza, "Leo mmefundishwa nini?" Ndugu yangu Yohana alikuwa anakuimbia hesabu, na ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Kisha homa ikaja. Watoto waliharisha, wakawaka moto, wakakauka midomo. Yohana alikufa akiwa amelala mapajani mwa mama. Nyumba za jirani nazo zikaanza kulia. Hapo ndipo maneno yalipoanza: "Si ni huyo mama tasa anawapatianga maji kila siku?" Hata wewe uliugua, ukawa unatembea umeinama, umeshika tumbo. Wakasema uchawi umekurudia.

Nilikuwepo Baba alipokuja kwako na wale wanaume. Alisimama uani akakuambia, "Toka, kabla sijasahau kwamba tumezaliwa na mama mmoja."

Nawe ulimjibu, "Kaka, maji hayo hata mimi nayanywa."

Hakuna aliyekusikiliza. Waling'oa paa lako ukiwa bado unafunga nguo kwenye shuka.

Sasa nikuambie kilichotokea mwaka huu. Bwana mmoja wa serikali aliitisha baraza, akasema kuna ruzuku ya kutengeneza maji ya watu na kusafisha maji machafu ya shule. Wazee walinuna. Mikopo ya mashamba ilikuwa imewachosha. Baba akauliza, "Ruzuku ni mkopo wa jina lipi tena?" Yule bwana akacheka, akasema hailipwi. Serikali italeta mabomba, saruji na fundi, sisi tutoe nguvu zetu. Tukakubali. Wanaume walichimba, sisi wanawake tukabeba udongo na kokoto.

Tulikuwa tunachimba juu kidogo ya chemchemi, kwenye yale matete uliyokuwa unakatia paa, jembe la Baba likagonga kitu. Bomba la udongo, la zamani, limepasuka, na ndani yake mnapita uchafu. Harufu ilitufanya tugeuze nyuso. Fundi aliinama akalichungulia. Alimtuma mtu dukani akanunue buluu ya kufulia nguo, akaikoroga kwenye ndoo, akapanda nayo mpaka shuleni, akaimwaga kwenye vyoo vile vilivyojengwa na mzungu. Akarudi akatuambia, "Tungojeni hapa."

Tuliongea mambo ya mahindi. Mtu mmoja alianza kuchoka na kumcheka fundi. Halafu mama mmoja akapiga yowe.

Shangazi, chemchemi ilikuwa inageuka buluu. Ilianza kama uzi mwembamba katikati ya mawe uliyoyapanga, ikatanuka, mpaka maji yote yakawa na rangi ile. Nimeona maiti, nimeona nyumba ikiungua, lakini sijawahi kuona kitu kikanikausha damu namna ile. Watu wazima walishika vichwa. Choo cha shule nzima, miaka yote hiyo, kilikuwa kinashukia ndani ya kikombe chetu. Mzungu alikuwa peke yake na familia yake, uchafu wake ulikuwa mdogo. Sisi tulijaza nyumba ile watoto, tukafurahi kwamba wanasoma.

Baba alimwuliza fundi, sauti imekwisha, "Kikombe kimoja kinaweza kuua mtoto?"

"Kinaweza, mzee."

Baba akaketi pale pale kwenye tope. Akasema, si kwa fundi, si kwetu, "Aliniambia hata yeye anayanywa."

Kazi imekamilika sasa. Bomba lile limekatwa, maji machafu yanapelekwa kwenye mabwawa bondeni, mbali na watu. Ya kunywa yanapita kwenye tangi la mchanga, yanatiwa dawa, ndipo yanapofika kwenye mifereji. Msimu huu wa mvua hatujazika mtoto. Watu wanaifurahia ruzuku, nami naifurahia, ila kila nikinywa naangalia kwanza rangi ya maji. Waliobomoa nyumba yako wanakuja kwetu mmoja mmoja kuuliza kama kuna habari zako. Hawaulizi wakiwa wawili. Wanaona haya kusikiana.

Nami nina hasira ambayo sijui nimpe nani. Aliyelaza bomba lile alikwisha kwenda kwao. Waliokushtaki walikuwa wanawalilia watoto wao. Lakini wewe ulikuwa unalia pia, na hatukukuona.

Siku ya kufungua maji, yule bwana wa serikali alitaka Baba, kama mzee wetu, anywe wa kwanza. Baba alikishika kikombe, akakirudisha. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akaondoka kwa miguu kuelekea Lubao. Mama alitaka kumfungia obusuma, ugali wa njiani, akakataa. Alituambia hatarudi kabla hajakuona.

Kwa hiyo, Shangazi, ukisikia mtu anabisha hodi, mzee aliyekonda, na anashindwa kusema jina lake, ni yeye. Atakuwa amekuja kuomba msamaha. Usimfungulie kwa kuwa ni kaka yako, wala kwa kuwa mimi nimekuandikia. Una haki ya kumwacha nje.

Nakukumbatia, ukija au usipokuja,

Binti wa kaka yako,
Selina