Chaji Mbili na Tepu ya Fundi

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

U hali gani huko uliko? Kikohozi kimekwisha? Tangu uliposema unakohoa, mimi huku nimekuwa nikikohoa kwa niaba yako. Na unakula lakini? Usinidanganye, picha uliyotuma nimeiona, shingo imebaki mishipa mitupu.

Sisi huku tu wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa. Baba yako, huyu ndugu yangu, yuko kwenye duka lake la kunyolea, ananyoa na kubishana, hujui kipi ndicho kazi na kipi ni mapumziko.

Najua unachotaka kusikia. Tulia! Tangu utotoni ulikuwa ukianza hadithi kwa ukurasa wa mwisho. Leo utasoma kwa mpangilio kama watu wengine.

Kwanza niombe radhi. Yale maswali kumi uliyonisahihishia kwa wino mwekundu, nikakosa yote kumi, niliyatupa chini ya meza ya kukatia. Nilikuwa na hasira, we acha tu. Nikasema mtoto niliyembeba mgongoni leo ananitia mikasi ya kukosa! Siku tatu baadaye chaki ikaniponyoka, nikainama kuitafuta, nikakutana na karatasi zako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinamia chaki, nikaokota fizikia.

Nikasoma swali la kwanza upya. Chaji mbili, moja maikrokulombu mbili na nyingine tatu, zimeachana sentimita thelathini, tafuta kani, yaani nguvu ya kusukumana, kati yake. Mimi nilikuwa nimeweka thelathini kama ilivyo. Mwanangu, mikono hii imeshona kwa sentimita miaka ishirini na miwili. Ni mteja gani amewahi kuniambia kiuno chake ni sifuri nukta nane ya mita? Basi kani yangu ikatoka sifuri nukta, sifuri nne zimepanga foleni, halafu sita. Kani hiyo haimsumbui hata sisimizi. Nilipogeuza kuwa mita ikatoka nyutoni sifuri nukta sita, safi kabisa. Kosa la mara elfu kumi, kwa sababu umbali unazidishwa kwa wenyewe, na mia mara mia ndiyo hiyo. Maswali yote kumi, kosa lilikuwa hilohilo moja!

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka la vitambaa akaja kuchungulia. Kisha nikachukua tepu yangu, nikashona uzi mwekundu penye mia moja, nikaandika MITA kwa wino. Wenzangu wa darasa la Jumamosi, tunapojiandaa na mtihani, wakanibatiza Bi Sentimita. Nimelipokea jina, halina ubaya.

Sasa, kuna jambo sikukuambia ili usipate wasiwasi. Chuo cha ufundi umeme kinampa mtu nafasi tatu tu za mtihani huu wa kuingia. Mbili nilishaziteketeza kabla hujaanza kunifundisha. Nikianguka hii, ndiyo basi. Mota ya cherehani ikiungua nitaendelea kukaa pembeni, mikono mapajani, nikimtazama mwanamume akifungua kitu ambacho nakijua kwa mlio wake. Hilo lilikuwa linaniuma, tena sana.

Na baba yako hakunisaidia. Kila asubuhi alipita kuniamkia, akanikuta nimechora mishale ya kani kwa chaki kwenye vipande vya kitambaa, chanya na chanya zinasukumana, chanya na hasi zinavutana. Anasimama mlangoni: "Dada, suruali hiyo ya nani?" Namjibu ni ya chuo. Anaguna, anaondoka. Siku nyingine aliniambia umri wetu umeshapita. Chozi lilinitoka.

Siku ya mtihani nilijikaza kisabuni. Maswali ya mwanzo yalikwenda. La mwisho, lenye alama nyingi, likanikodolea macho. Chaji mbili chanya, moja ni mara nne ya mwenzake, zimeachana sentimita tisini. Ni wapi kati yake uga wa umeme ni sifuri, yaani misukumo yao inafutana? Mkono wangu wa fundi ukakimbilia kukunja mara mbili, kama ninavyotafuta katikati ya suruali. Nikaandika arobaini na tano. Nikaweka kalamu chini, roho ikiwa juu juu.

Ndipo nikakumbuka ulivyoniandikia: ukisimama kati ya watu wawili na mmoja anapayuka, sogea kwa mpole mpaka uwasikie sawa. Nikaifuta arobaini na tano. Mwenye mara nne nikae naye mbali mara mbili, kwa kuwa mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo umbali wote ni mafungu matatu! Nikaukunja ukingo wa karatasi ya rafu mara tatu, kama pindo. Thelathini kutoka kwa mdogo, sitini kutoka kwa mkubwa. Msimamizi akanikazia macho, nikamwonyesha karatasi haina kitu.

Haya, Chiriku, shusha pumzi. Matokeo yalibandikwa Alhamisi. NIMEFAULU! Alama sabini na moja. Masomo yanaanza mwezi ujao. Nilipiga kigelegele palepale ukutani, na sina haya.

Baba yako nilimfuata dukani kwake nikamwambia. Alichukua karatasi yangu ya matokeo niliyopewa chuoni, akaibandika kwenye kioo chake cha kunyolea, na kila mteja anayeketi lazima aisome kabla hajaguswa kichwa.

Hukuwahi kuambiwa hili: mimi na yeye tulitolewa shule siku moja, tukiwa tumefika somo hilohilo la umeme. Jana alasiri alifunga duka mapema, akaja kwangu na daftari jipya na kitana. Akajichana, akakisogeza kitana kwenye nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani, zikakirukia. Akaniuliza, bila kunitazama, "Dada, hapa naanzia wapi?" Amenikataza katakata nisikuambie. Basi fanya kama hukusoma. Ila nitumie tena yale maswali ya mwanzo kabisa, uandike kwa herufi kubwa, maana macho ya baba yako si ya zamani.

Bibi anakusalimu na kukuombea. Mwenye duka la vitambaa anakusalimu. Baba yako anakusalimu mara mbili. Mungu akulinde kila unapokanyaga, na akuongezee nyama shingoni.

Shangazi yako akupendaye kwa mita na kwa sentimita,
Fundi