Siku Kijiji Kizima Kilipong'oa Mikorosho

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mdomo umezoea. Tangu juzi nimekaa hapa Masasi kichwa kinaniwanga, sijui nimsimulie nani kama si wewe. Somoe, mdogo wangu, alikamatwa. Kwa kosa lako lile lile!

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka mtelemko kwenda kuchota maji chemchemini, ukinikaripia nisikanyage mche wa mkorosho hata kwa bahati mbaya? "Korosho ya mtu haiguswi, mwanangu." Ndivyo tulivyo huku kwetu. Aliyepanda mkorosho, ardhi yake, na mche ukishashika hakuna mwenye moyo wa kuung'oa. Yule tajiri wa Newala alitujua vizuri. Hakuomba ardhi ya chemchemi, alipanda tu, nasi tukabaki tunamwangalia kama tumerogwa. Mpaka siku ulipoinama ukang'oa mche wa kwanza. Nilipiga kelele, Mama. Nilidhani umerukwa na akili.

Mgambo wakakukamata, wakakuita mchochezi. Lile ni pori lisilo na mwenyewe, walisema, sasa wewe unadai kama nani? Na Baba Hadija, jirani uliyemgawia mihogo miaka yote, akasimama kutoa ushahidi dhidi yako. Ulipotoka mahabusu wanawake wenzako walikuwa wanakukwepa njiani. Hilo lilikuumiza kuliko mahabusu yenyewe.

Ulikuwa umeshatutoka kijiji kilipopimwa tukapewa cheti cha ardhi. Mkutano mkuu ulipitisha kwamba chemchemi ni ya wote, hakuna kulima wala kuuza. Mimi nilisema hayo ni makaratasi tu. Mtoto wa tajiri naye aliona hivyo hivyo, maana masika haya kapanda tena. Somoe akapeleka hoja mkutanoni, mkutano ukaamua miche itoke. Akatangulia kung'oa. Mgambo wakamchukua peke yake.

Nilipopata habari nilipanda pikipiki hapa Masasi, nikilia njia nzima. Kufika ofisi ya kata, sikuamini macho yangu. Uwanja umejaa watu, kila mmoja kashika mche wa mkorosho uliong'olewa, mizizi inadondosha udongo. Mtendaji akauliza, "Nani kang'oa?" Unajua nani alijibu kwanza? Baba Hadija!

"Mimi, bwana mkubwa. Na huyu. Na yule. Ardhi yetu, tumeamua wenyewe mkutanoni. Ukimfunga huyu mtoto wa Mama Rukia, tufunge wote."

Nikakaa chini pale pale. Nilitamani kumkumbatia, nilitamani kumzaba kibao. Mpaka sasa sijui nilitaka kipi.

Walimwachia kabla ya adhuhuri. Akatoka anacheka, anauliza nani kabaki kuangalia watoto.

Mama, inaniuma. Wewe ulikuwa na haki ile ile, ila ulisimama kwenye ardhi ambayo hakuna aliyethubutu kuiita yake. Wangekuacha uozee ndani, na hakuna ambaye angeulizwa.

Sasa wanamtaka Somoe agombee uenyekiti wa kijiji. Niliogopa atapatwa na yaliyokupata wewe. Nilikusudia kumkatalia kabisa. Jana akanipigia simu, akaniuliza, "Dada, mama angekubali?"

Nimejibu kwa niaba yako, unisamehe kama nimekosea. Nimesema ndiyo.

Pumzika, mama yangu.

Mwanao wa kwanza,
Rukia