Piano ya Ghorofani

Mjukuu wangu mpendwa Neema,

Nakusalimu kutoka hapa Malindi. Babu yako kifua bado kinambana, na shangazi yako wa Ganze amevuna mahindi machache sana. Sisi wengine tupo.

Umeniuliza kama rafiki zako wakushushie piano yako kutoka ghorofani, au utafute watu wa kazi hiyo. Nitakujibu kwa habari ya kaka yangu Katana, ambaye hukumjua.

Nilipokuwa mtoto, Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa akihama, na alitaka kungoja mafundi kutoka Mombasa waje kushusha piano yake ya ghorofani. Katana akacheka. "Bwana, sisi hubeba mawe ya machimbo kila siku. Hicho ni kinanda tu."

Wenzake wakaishika kwa kamba juu, yeye akashika chini. Kwenye kona ya ngazi kamba ikakatika. Yaliyofuata sitakuandikia. Tulimzika kesho yake.

Baadaye mafundi walifika. Mama alinishika mkono, tukaenda kutazama kutoka ng'ambo ya barabara, mlango wa ngazi ukiwa wazi. Waliifunga piano ile ile kwa mablanketi na mikanda mipana, wakaiteremsha polepole juu ya ubao. Mmoja akisema "Simama," wote wanasimama. Hakuna aliyekaa chini yake. Ikafika mlangoni bila hata mkwaruzo mpya.

Mama akasema, "Kumbe inashuka." Kisha akaketi pale pale vumbini, nami sikuweza kumwinua.

Waite mafundi, mwanangu. Wewe na rafiki zako mkae mbali na ngazi.

Ni mimi bibi yako,
Kadzo