Deni ya Maji Kule Kwa Vonza

Baba,

Hii barua haina mtu wa kuipeleka, lakini naandika. Shule nilifika darasa la tatu, unajua. Utasoma hivyo hivyo.

Siku tulikuzika hapa Matinyani, mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mtu alikuwa anakudai, aseme mbele ya watu. Halafu yule mama mzee wa Kwa Vonza, Syombua, akasimama na fimbo yake.

"Mimi namdai maji."

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka. "Alichukua mtamba yangu anichimbie kisima. Nimebaki na shimo. Mwana wa Musau, unipe maji, ama unirudishie ng'ombe."

Niliangalia chini. Ulikuwa umelala hapo ndani ya sanduku, na mimi nina hasira na wewe.

Ile ng'ombe ndiyo ilikuwa mama ya Mwende, mtoto wangu. Kanini bibi yangu alikufa akimzaa, mwaka ile tulikuwa tunakula mahindi ya njano ya serikali, na mtoto hakuwa na titi la kunyonya. Mtamba yako ilikuwa imezaa juzi tu. Wewe ndiye ulikuwa unakamua. Ulikuwa unapoesha maziwa kwa kikombe ya bati, unamshika hivi, unamwambia, "Kunywa, mwaitu, kunywa." Unamwita mama, vile wazee wetu huita wasichana wadogo. Mimi sikuwa naweza hata kumwangalia. Wewe uliweza.

Tangu tukuzike nikaanza kukusikia. Si usiku. Saa sita mchana, jua ikiwa juu ya kichwa, nasikia mtu nyuma ya nyumba anasukutua mdomo na kutema. Anasukutua, anatema. Naenda naangalia. Kuku tu, imelala kwa kivuli.

Nilijua ni wewe. Siku ulirudi kutoka Kwa Vonza mara ya mwisho ulikaa pale pale, ukaitisha maji, ukasukutua, ukatema, mpaka mtungi ikabaki nusu. Nikakuuliza, "Baba, ni meno?" Ukasema, "Ni vumbi." Hukurudi tena kwa ile shimo. Syombua akituma mtu, unajibu, "Mwambie bado kidogo." Mpaka kifua ikakumaliza.

Basi nikaacha kibarua ya mchanga, nikaenda Kwa Vonza. Sikuwa na namna. Nisipochimba, ng'ombe inaenda, Mwende anabaki na uji ya maji.

Nilishuka na zile hatua ulichonga kwa ukuta ya shimo. Ya kulia ndogo, ya kushoto kubwa, kwa sababu ya ule mguu wako ulikatwa na panga. Nikawa naweka mguu pale ulikuwa unaweka yako. Huko chini hakuna upepo. Ukigonga mara moja unasikia mara mbili, na hiyo ya pili inakuja imechelewa, kama ya mtu mzee. Nikipumzika, nasikia umepumzika. Sikumwambia mtu.

Juu, Syombua na bibi ya kijana yake walikuwa wanavuta ndoo. Yule mama ana mdomo.

"Mwana wa Musau, unachimba ama unaomba? Baba yako angalau alikuwa anaimba."

"Alikuwa anaimba nini?"

"Uwongo."

Nilitoa kwanza udongo ulioanguka. Chini yake nikapata alama za jembe yako, na hapo udongo ulikuwa na unyevu. Nikashangaa. Mtu anaacha kisima hapa? Nikafinya kidogo kwa mkono, nikaweka kwa ulimi vile ulinifundisha.

Chumvi. Ile ya kuuma.

Nikatema. Na nikasikia mtu ametema na mimi.

Nilikaa chini. Haikuwa uvivu, baba. Haikuwa kifua. Ulionja, ukajua Syombua hawezi kunywa hiyo maji, na ukimwambia, ng'ombe inarudi. Na Mwende alikuwa hana hata jino moja. Ulitema udongo, neno ukameza.

Na mimi nilikuwa tayari kupanda niseme bado kidogo. Ilikuwa kwa mdomo. Nikaweka mguu kwa hatua ya kushoto, ile kubwa, na mguu ikapotea ndani. Hiyo hatua si yangu. Nikarudi chini, nikaita.

"Mama, maji iko karibu. Lakini ni ya chumvi. Baba alijua."

Kamba ikasimama. Hata ndoo sikusikia. Nikafikiri ataniacha humo.

"Chimba itoke," akasema.

Ikatoka kesho yake asubuhi. Syombua alionja na kidole, akakunja uso, akakaa juu ya udongo yetu, wewe na mimi.

"Si angesema?"

"Mtoto wangu alikuwa ananyonya hiyo ng'ombe. Mama yake alikufa."

Akapangusa kidole kwa nguo, akasema, "Nyinyi watu wa Musau, mwamba mnavunja. Mdomo ndio imewashinda." Akainuka. "Ng'ombe ikae na mtoto. Ndama uniletee. Hiyo itakunywa chumvi."

Nilipeleka ndama kwa miguu. Nikachota maji ya shimo yetu, nikaweka kwa karai. Ndama ikanusa, ikaniangalia, ikakunywa yote. Syombua akasema, "Haya. Mwambie Musau simdai."

Ndio nakuambia. Hakudai.

Lakini jana saa sita nilikusikia tena. Mwende alikuwa amekaa mlangoni. Akageuka kule nyuma ya nyumba, akacheka vile alikuwa anakuchekea wewe.

Nimekuwekea kikombe ile ya bati pale ulikuwa unakaa. Watu wa kanisa wasijue. Si maji ya ile shimo. Ni ya mto, nimeifukua mwenyewe chini ya mchanga. Ni tamu. Usiteme, baba. Meza, ulale.

Mimi kijana yako,
baba ya Mwende