Maneno ya Baba Niliyoyameza

Embu,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa kaka yangu Mugambi,

Pokea salamu nyingi za dada yako, na uzigawe kwa wifi yangu Joyline na watoto wote, hasa yule mdogo anayefuga sungura. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nyinyi je? Mvua imefika huko nyumbani Kibirichia? Najua utajibu kwamba kila kitu ni sawa. Wewe hata ng'ombe akianguka mtaroni utasema mambo ni sawa.

Kwanza nikuarifu kwamba mwaka wangu wa mafunzo hapa hospitalini unaisha mwezi ujao. Nikipata leseni nitakuwa afisa wa kliniki kamili. Wagonjwa wameshaanza kuniita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha.

Nataka nikushukuru, na kwa simu ningelia kabla sijafika mbali. Unakumbuka siku nilipokuja kuwaambia kwamba naacha kazi ya kufundisha Kiswahili na Historia pale Muthara? Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mjomba Kaburu aliuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeacha kazi ya serikali akavae tena sare. Wewe ulikuwa umeinama ukichambua mbegu za viazi, na hukuinua hata kichwa. Ulisema tu, "Wacha aende. Hata hii viazi ilikataa shamba ya chini, ikakubali ya juu." Mjomba aliguna tu. Maneno yako hayo yamenifikisha hapa nilipo.

Safari yenyewe ilikuwa na miiba. Shahada yangu haikuwa na hata tone la sayansi, na chuo kilitaka kemia na biolojia, masomo niliyofeli vibaya kidato cha nne. Ikabidi nirudie mtihani. Mwalimu Njeru, aliyefundisha kemia shuleni kwetu, alibaki nami kila siku saa kumi, mvumilivu kama mtu anayemfundisha mbuzi kuogelea. Siku ya mtihani wa maabara niliketi katikati ya wasichana wa miaka kumi na saba, na msimamizi akaniuliza kwa heshima kama mimi ndiye mwalimu aliyeleta vifaa. Nilipomwambia kwamba mimi ni mtahiniwa, wasichana walicheka mpaka nami nikashindwa kujizuia.

Nilipopata nafasi ya chuo huku Embu, ghafla nawe ukaanza kuuza viazi Embu badala ya Meru mjini ulikozoea. Ulidai soko la huku ni zuri. Kila muhula gunia la viazi vya shangi lilishushwa mlangoni kwangu, nawe ukisema umepitia tu. Sikuwahi kukuamini, kaka, na sikuwahi kukwambia asante ya kutosha.

Hapa kazini vijana wenzangu wananiita Mwalimu. Sayansi wanaijua kunishinda, ila wana haraka. Watu wetu ukiwauliza hali hujibu njema hata wakiwa juu ya machela. Juzi mama mmoja wa Mbeere alinisalimia, akaniombea, akanipa habari za mbuzi wake mmoja mmoja, kisha akasema amekuja tu kupimwa presha. Sikumkatiza. Alipokuwa ameshika mlango atoke, ndipo akageuka na kusema kuna kitu kigumu kwenye titi lake. Mkubwa wangu aliniuliza nilijifunza wapi kungoja namna hiyo. Jibu nakuandikia wewe.

Mugambi, nami sasa nimeshika mlango.

Unakumbuka Baba alipoanza kukonda, mwaka ule wa mavuno mengi? Mimi ndiye niliyempeleka dispensari. Daktari wa pale alikuwa mgeni asiyejua Kimeru, na Baba Kiswahili hakukijua. Nikawa mkalimani. Nani angefaa kuliko mwalimu wa Kiswahili? Baba aligeuza uso ukutani, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkojo unamtoka kwa shida na una damu. Unajua heshima ya kwetu. Mzee hasemi mambo hayo mbele ya binti yake, lakini siku hiyo alijikaza akayasema. Mimi ndiye niliyeshindwa. Kwa aibu nikamwambia daktari kwamba mzee anaumwa na tumbo. Akapewa dawa za tumbo. Njiani Baba alinishukuru, akasema ni vizuri kuwa na mtoto aliyesoma.

Wiki ileile nilisimama mbele ya kidato cha pili nikawafundisha methali: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ilipojulikana kwamba ni kansa ya tezi dume, ilikuwa imeshaingia mifupani. Sijui kama angepona. Angalau angetibiwa ugonjwa aliokuwa nao. Na tangu tumzike, kila msimu wa kung'oa viazi nakusikia ukisema kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha Baba kwa sababu ya mavuno. Miaka tisa nimekuacha uubebe mzigo huo nikiwa nimenyamaza. Hukumchelewesha, kaka. Baba alifika mapema. Maneno yake ndiyo niliyoyameza mimi. Nilipotoa ushuhuda kanisani kwamba naacha ualimu kwa kuwa nimeitwa kuwatibu watu, nilisema nusu tu ya sababu. Nisamehe.

Ningekuja kupiga magoti mbele yako, lakini kuna jambo jingine ambalo dada hawezi kumwambia kaka yake uso kwa uso. Joyline ameniambia kwamba unaamka mara nne, mara tano usiku kwenda haja ndogo, na kwamba akikuuliza unasingizia chai. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Huenda ni jambo dogo. Wanaume wengi wa rika lako wanalo, na lina dawa. Ila mimi sitaki kukisia tena.

Jumanne ukishashusha viazi sokoni, njoo hospitalini umuulizie Bundi, tabibu mwenzangu, chumba nambari sita. Ni mwanamume, mama yake ni wa Mikinduri, na Kimeru anakizungumza kama wewe. Nimemwomba akupokee. Humo ndani mtakuwa wawili tu, bila mkalimani. Mimi nitakuwa nje kwenye benchi na chupa ya chai, na sitakuuliza mlichozungumza.

Bundi akikuuliza hali, Mugambi, usimwambie ni sawa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na Mjomba Kaburu pia. Asante kwa viazi, na asante kwa kusema niachwe niende.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja Jumanne,

Kaari