Dakika Ishirini na Tano Hadi Kakuma

Nyawal! Uliniambia ndege ni masaa mawili. MASAA MAWILI! Natamani ardhi inimeze.

Si unajua barabara imekatwa na mafuriko, kwa hivyo sisi walimu tunaoenda semina Kakuma tukawekwa kwenye kandege kadogo pale Lodwar. Mimi nikakaa kando ya Madut. Ndiyo, Madut yule yule wa hesabu. Mwalimu mkuu alikuwa kiti cha mbele yetu.

Dakika ishirini hivi baada ya kupaa, ndege ikainama. Masikio yakaziba. Nikajua tunaanguka, maana tungewezaje kuwa tumefika? Wewe ulisema masaa mawili!

Nikamshika Madut mkono nikapiga kelele, "Madut, tunakufa, na nimekupenda tangu Krismasi!"

Nyawal, nilisema TANGU KRISMASI. Kwa ile sauti yangu ya kwaya.

Halafu magurudumu yakagusa chini. Rubani akasema, "Karibuni Kakuma." Mwalimu mkuu akakohoa.

Ni kilomita mia na ishirini tu! Masaa mawili ni ya gari, wewe mwanamke!

Nikashuka mbio nikasahau begi. Madut akaniletea, macho yake chini. Akasema, "Sylviane, kurudi Lodwar tungoje barabara ifunguliwe, twende na gari. Ndege inafika haraka sana, na mimi nina mengi ya kukujibu."

Saa hii nimejifungia chooni. Namsikia huko nje anauliza watu kama nimekunywa chai.

Nitoke?